Fedha za paa zipo, za gata hakuna: Miji ya Massachusetts inavyogawa mfuko wa kutunza majengo na mashamba

Mfanyabiashara yeyote mwenye meza sokoni anaijua hali hii. Soko linajengwa, linafunguliwa kwa shamrashamra, kisha miaka inapita. Bati moja linang'oka, mvua inaingia, mbao za kenchi zinaoza, na siku paa linapokuwa halifai tena ndipo watu wanaanza kuulizana fedha za ukarabati ziko fungu gani. Wakati wote huo ushuru ulikuwa ukikusanywa kila asubuhi.

Katika jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani, swali hilo lilipewa jibu la kisheria mwaka 2000. Jibu lenyewe lina mapengo yake, nasi tutayafikia. Lakini linastahili kutazamwa na mkulima na mfanyabiashara kwa sababu sehemu kubwa ya fedha inatoka mifukoni mwa wenyeji, wanaozichambua ni wenyeji, na shamba la ng'ombe wa maziwa linasimama foleni moja na paa la maktaba, uwanja wa watoto na ukumbi wa mji wenye umri wa miaka 150.

Sheria hiyo, inayohusu uhifadhi wa jamii, ilitiwa saini tarehe 14 Septemba 2000 na Gavana Paul Cellucci. Haikuzuka tu. Kisiwa cha Nantucket kilikuwa na benki yake ya ardhi tangu mwaka 1983, ikiendeshwa kwa ada ya asilimia 2 kwenye mauzo ya ardhi na nyumba. Mwaka 1998 wapigakura wa miji yote 15 ya rasi ya Cape Cod nao walikubali kujiongezea kodi ili kununua maeneo ya wazi kabla hayajamezwa na nyumba za wageni wa likizo. Sheria ya mwaka 2000 ilichukua wazo hilo na kulifungulia mlango kila mji wa jimbo hilo unaotaka, na ikaongeza majengo ya kihistoria, nyumba za watu wa kipato cha chini na cha kati, pamoja na viwanja vya michezo na mapumziko. Leo zaidi ya miji 190 kati ya 351 imejiunga.

Nani analipa

Mji haulazimishwi. Wananchi hupiga kura, na wakikubali, kila mwenye mali isiyohamishika hulipa nyongeza isiyozidi asilimia 3 ya kodi yake. Hapa wengi huteleza, kwa hiyo tuweke sawa: ni asilimia 3 ya kodi, si ya thamani ya nyumba.

Tuchukue mfano. Nyumba ina thamani ya dola 400,000 na mji unatoza dola 12 kwa kila dola 1,000 za thamani. Kodi ya mwaka ni dola 4,800. Mji unaruhusiwa kusamehe dola 100,000 za kwanza za thamani ya nyumba ya kuishi, hivyo nyongeza inapigiwa hesabu kwenye kodi ya dola 300,000 zilizobaki, yaani dola 3,600. Asilimia 3 yake ni dola 108 kwa mwaka. Mji unaweza pia kuwasamehe kabisa wenye kipato cha chini. Mkulima naye ana nafuu nyingine. Shamba lililosajiliwa chini ya sheria ya kodi ya ardhi ya kilimo hutozwa kwa thamani yake kama shamba, si kama viwanja vya nyumba, kwa hiyo nyongeza inayopanda juu ya kodi hiyo huwa ndogo.

Juu ya fedha za mji, jimbo huongeza mchango. Chanzo chake ni ada inayolipwa kila mtu anaposajili hati ya nyumba, ardhi au rehani. Ada hiyo ilikuwa dola 20 kwa hati nyingi, na tangu tarehe 31 Desemba 2019 ni dola 50.

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Hadi mwaka 2007 jimbo liliongeza dola moja kwa kila dola moja iliyokusanywa na mji. Kisha mambo mawili yakatokea kwa pamoja: miji iliyojiunga ikawa mingi, na soko la nyumba likaanguka, hati zikapungua. Mwaka 2008 mchango ulishuka hadi takriban asilimia 68, mwaka 2009 asilimia 35, na mwaka 2010 asilimia 27. Ada ilipopandishwa mchango ulipanda, lakini riba za mikopo zilipopaa kuanzia mwaka 2022 watu wakaacha kununua na kubadili rehani, nao ukashuka tena. Anayeuza mahindi kwa mnunuzi mmoja anayepanga bei msimu hadi msimu ataelewa uchungu huo bila maelezo marefu. Waliotunga sheria waliliona hilo mapema: mji unaruhusiwa kukopa kwa dhamana ya nyongeza yake wenyewe, lakini hauruhusiwi kukopa kwa kutegemea mchango wa jimbo. Ni kifungu kifupi, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa vifungu vya busara zaidi katika sheria nzima.

Kamati na mipaka yake

Kila mji uliojiunga unaunda kamati ya watu 5 hadi 9. Viti vitano vya kwanza vimekwishapangwa na sheria: mmoja kutoka tume ya uhifadhi wa mazingira, mmoja tume ya historia, mmoja bodi ya mipango miji, mmoja bodi ya bustani na viwanja, na mmoja mamlaka ya nyumba. Vinavyobaki, mji unaamua wenyewe, na baadhi ya miji ya wakulima huhakikisha mkulima anapata kimoja.

Kila mwaka kamati lazima iitishe kikao cha wazi cha kusikiliza mahitaji ya mji. Maombi hupokelewa kwa fomu, kwa kawaida majira ya vuli, na kuchambuliwa wakati wa baridi. Mwombaji anaweza kuwa idara ya mji, taasisi isiyotengeneza faida, na mara nyingine mwenye mali binafsi iwapo umma utapata kitu cha kudumu kutokana na fedha hizo. Anatakiwa kueleza kazi yenyewe, makadirio ya gharama, fedha nyingine alizopata, na nani atasimamia. Kamati inayojua kazi yake haikubali namba iliyokisiwa mezani. Inataka bei ya fundi au mchoro wa mhandisi.

Mgawo nao una masharti. Kila mwaka angalau asilimia 10 ya mapato lazima itumike au iwekwe akiba kwa maeneo ya wazi, asilimia 10 kwa historia na asilimia 10 kwa nyumba za gharama nafuu. Asilimia 70 inayobaki ndiyo uwanja wa ushindani, ikiwa ni pamoja na hadi asilimia 5 inayoweza kwenda kwenye gharama za kamati yenyewe. Jengo likitaka fungu la historia lazima liwe kwenye orodha ya jimbo, au tume ya historia ya mji ithibitishe kuwa lina umuhimu. Ardhi ikinunuliwa lazima ifungwe kwa zuio la kudumu lililoandikwa kwenye hati.

Sasa tuje kwenye madaraka. Kamati haitoi hata senti moja. Inapendekeza tu. Katika miji midogo uamuzi uko kwa mkutano mkuu wa mji, ambao Mtanzania anaweza kuufananisha na mkutano mkuu wa kijiji: kila mpigakura aliyejiandikisha anaruhusiwa kufika, kusema na kupiga kura. Katika miji mikubwa kazi hiyo ni ya baraza. Mkutano au baraza linaweza kukubali pendekezo, kulipunguza au kulikataa. Haliwezi kuliongeza, wala kuingiza mradi ambao kamati haikuupendekeza.

Ukilitazama haraka, sharti hilo linaonekana kuwafunga wananchi mikono. Lakini fikiria upande wa pili. Mtu mwenye sauti kubwa hawezi kusimama dakika ya mwisho na kuuchomeka mradi wake kwa kupigiwa makofi. Naye mjumbe wa kamati mwenye shamba la ndugu yake moyoni hawezi kulipitisha peke yake, kwa kuwa lazima alitetee mbele ya majirani wanaolipa. Kufuli lina funguo mbili, na kila mmoja anashika wake.

Neno moja lililoupeleka mji mahakamani

Wanaodhani sheria kama hii ni karatasi tu wausikie mkasa wa Newton, mji wa jirani na Boston. Newton ulitaka kutumia fedha za mfuko kuboresha bustani mbili ambazo zilikuwapo tayari. Walipakodi wakaenda mahakamani. Hoja yao ilisimama juu ya neno moja: kwa upande wa michezo na mapumziko, sheria iliruhusu kuanzisha viwanja, si kuboresha vya zamani ambavyo havikununuliwa wala kuanzishwa kwa fedha za mfuko. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya juu ya jimbo ilikubaliana nao.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Mji uliweza kununua kiwanja kipya na kuweka bembea, lakini bembea mbovu ya kiwanja cha zamani, mita 200 kutoka hapo, haikuweza kuguswa na mfuko. Ilichukua hadi mwaka 2012 Bunge la jimbo kurekebisha sheria na kuruhusu ukarabati wa viwanja vilivyopo. Katika marekebisho hayo hayo iliwekwa marufuku ya kununua nyasi bandia kwa ajili ya viwanja kwa fedha hizo.

Mkasa wa pili ni wa mji wa Acton. Kamati ilipendekeza, na mkutano ukapitisha, fedha kwa kanisa la kale: fungu moja kwa mpango wa uhifadhi wa majengo yake, jingine kwa ukarabati wa vioo vyake vya rangi. Kwa pamoja zilizidi dola 100,000. Wakazi kadhaa walipinga wakisema kodi haiwezi kulitengenezea kanisa madirisha yake. Mwaka 2018 mahakama hiyo hiyo ilikataa kuweka marufuku ya jumla dhidi ya majengo ya dini, lakini ilizuia fedha za vioo na kurudisha suala la mpango mahakama ya chini. Baada ya hapo kila kamati inayopokea ombi la kanisa lazima ijiulize inahifadhi jengo la historia, au inaisaidia ibada.

Pengo la gata

Nimesema jibu la Massachusetts lina mapengo. Kubwa kuliko yote, kwa macho ya mchumi, ni hili: mfuko hauruhusiwi kulipia matunzo ya kawaida. Sheria inayaeleza kuwa ni marekebisho madogo yasiyoongeza thamani ya mali kwa kiasi cha maana wala kurefusha maisha yake, bali yanaiweka tu katika hali ya kutumika. Kuzibua gata, kupaka rangi mlango, kufyeka majani: hizo zote ni kazi za bajeti ya kawaida ya mji.

Sababu yake inaeleweka. Mfuko ungeruhusiwa kulipia ufagiaji, mweka hazina angehamishia huko mishahara ya wafagiaji mwaka wa kwanza tu, na baada ya miaka mitatu kusingekuwa na mfuko. Ndiyo maana sheria inakataza pia kutumia fedha hizi kuchukua nafasi ya fedha ambazo mji ulikuwa ukizitoa.

Lakini tazama motisha inayobaki. Tuseme, kwa mfano tu, kutengeneza gata za ukumbi kunagharimu dola 2,000. Fedha hizo zitoke kwenye bajeti ya kawaida, ambayo kila idara inaigombania. Gata zikiachwa, maji yataingia ukutani, yatafika kwenye mbao, na baada ya miaka 15 kazi itakuwa ya dola 200,000. Hapo sasa si matunzo tena. Ni ukarabati wa jengo la kihistoria, na mfuko uko tayari. Mkuu wa idara anayejua hesabu ataona kuwa uzembe una mfadhili, na matunzo hayana.

Sidhani dawa ni kulegeza sheria. Dawa iko kwenye fomu ya maombi. Kamati inaweza kumtaka mwombaji aonyeshe mpango wa matunzo wa miaka ijayo, utalipiwa na nani na kutoka fungu gani, na ikakataa paa la mtu asiyeweza kujibu. Mkulima anayeomba mkopo wa trekta huulizwa na benki dizeli na vipuri vitatoka wapi. Haieleweki kwa nini ukumbi wa mji usiulizwe swali hilo.

Shamba kwenye foleni

Kwa msomaji wa kurasa hizi huenda sehemu inayovutia zaidi ni ile ya ardhi. Massachusetts ilitunga mwaka 1977 sheria ya kununua haki ya ujenzi juu ya ardhi ya kilimo. Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Shamba, tuseme, lina thamani ya dola 600,000 likiuzwa kwa wajenzi wa nyumba, na dola 200,000 likiuzwa kama shamba. Mkulima analipwa tofauti, dola 400,000, na kwa malipo hayo hati yake inaandikwa zuio la kudumu: ardhi hii haitajengwa nyumba za biashara, italimwa.

Shamba linabaki lake. Analima, anakodisha, anaweza kuliuza na kulirithisha, ila atauza kwa bei ya shamba. Fedha za mfuko wa mji zimekuwa zikitumika kama sehemu ya mji katika ununuzi wa namna hii, jimbo au taasisi za ardhi zikitoa sehemu nyingine. Kwa mkulima mwenye madeni, au mwenye ndugu wanne wanaotaka mgao wa urithi na yeye peke yake ndiye anayetaka kulima, hiyo inaweza kuwa njia pekee ya kuwalipa wenzake bila kukata shamba vipande. Na kijana anayetafuta ardhi ya kuanzia kilimo naye anafaidika, kwa kuwa bei ya shamba lililofungwa huwa karibu na kile ardhi inachoweza kuzalisha.

Hasara yake ipo wazi. Neno "kudumu" halina mlango wa nyuma wa kawaida. Mjukuu ambaye hajazaliwa ameshaamuliwa kuwa eneo hilo halitakuwa viwanja. Mkulima anayesaini lazima apigie hesabu si tu fedha anazopewa leo bali pia kupanda kwa thamani atakakokukosa kesho, na ashauriane na familia kabla ya kamati kuanza kujadili shamba lake hadharani. Kikao ni cha wazi. Jirani atajua ulicholipwa.

Upande wa mji pia kuna mvutano. Dola 400,000 zikienda kwenye shamba moja, maktaba inasubiri. Wenye maduka barabara kuu watasema jengo zuri linaleta wateja na shamba haliwaletei mtu. Wenye mashamba watajibu kwamba kila nyumba mpya inaleta watoto wa kusomesha na barabara ya kutengeneza, na ng'ombe hawaendi shule. Hoja zote mbili zina ukweli, na uzito wake hutofautiana mji hadi mji. Ndiyo kazi ya kamati kuzipima kwa namba, si kwa nani amejaza ukumbi.

Nani ananufaika zaidi

Kuna lalamiko la siku nyingi ambalo halijaisha. Ada ya hati inalipwa na watu wa jimbo zima, wakiwemo wa miji isiyojiunga. Kwa miaka mingi waliowahi kujiunga walikuwa hasa miji yenye watu wenye uwezo, ambako asilimia 3 ya kodi haimnyimi mtu usingizi. Miji maskini iliogopa kuongeza kodi, ikawa inachangia mfuko usioufikia. Boston wenyewe ulikubali kwa kura mwaka 2016 tu, na kwa asilimia 1.

Jimbo limejaribu kusawazisha. Miji iliyochagua asilimia 3 kamili hupata awamu za nyongeza za mchango, na fomula ya awamu hizo huangalia idadi ya watu na thamani ya mali kwa kila mkazi, ili mji wenye mali kidogo upate zaidi. Inasaidia, lakini haimfikii aliye nje. Aliye nje anaendelea kulipa dola 50 zake kila anaposajili rehani.

Na mji ukichoka? Sheria inautaka ukae angalau miaka 5, kisha wapigakura wanaweza kujitoa kwa njia ile ile waliyoingilia. Ila kama ulikopa kununua shamba au kukarabati ukumbi, nyongeza ya kodi inaendelea kutozwa hadi deni la mwisho litakapolipwa.